Mstari Niliomjazia Bi Fatu

Palma, Alhamisi, 22 Mei

Shajara yangu, leo hakuna mvua. Kusi inavuma kavu tangu alfajiri, na vumbi la barabarani, ambalo mwezi jana lilikuwa tope, limerudi kukaa kwenye vikombe vyetu. Nimefua, nimeanika, nimekunja. Mikono imefanya kazi zake zote za Alhamisi bila kuusubiri moyo.

Nina jambo tangu Jumatatu. Nimelianza hapa mara mbili nikalifuta. Sasa naliandika lote, kwa ruhusa ya mwenyewe.

Jumatatu niliandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Sikuuandika kwa tamaa, wala kwa kumwogopa mtu.

Niliuandika kwa adabu.

Wanaonisoma kutoka mbali huniuliza gesi imetuletea nini. Habari za visima huko baharini mimi sizijui. Ninachokiona ni karatasi. Zamani mtu wa Palma alipangisha chumba kwa neno la mdomo, na mpangaji akiondoka aliacha godoro na salamu. Sasa wageni wanaokuja kupima ardhi wanatumwa na kampuni, na kampuni hailazi watu wake kwenye chumba kisicho na karatasi. Inamtaka mwenye chumba awe na nuiti, yaani namba yake ya mlipa kodi, na awe amejaza tamko la anachopata. Muuza mayai naye vivyo hivyo, akitaka jiko la kambini la wafanyakazi wa gesi limpokee. Watu ambao maisha yao yote hawajaandikwa popote ila kwenye bilheti, yaani kitambulisho, na kwenye daftari la madrasa, leo wanaulizwa maswali ishirini na moja kwa Kireno.

Ndiyo maana tuko wanne tunaojitolea. Tulimaliza sekondari, Kireno tunakisoma, na asubuhi tunakaa kwenye baraza la duka lililofungwa tukiwajazia watu. Kiongozi wetu ni Anselmo, mtu wa Mueda, Mmakonde mwenye sauti ya kuita watu mashambani. Alitufundisha siku mbili, na mafundisho yake nimeyaandika ndani ya jalada la daftari langu la bluu. Usipokee kitu. Usimjazie ndugu yako, mpishe mwenzako. Usiandike ambacho mtu hakukisema. Msomee yote, mstari kwa mstari, kabla hajaweka kidole. Alichokisema mezani kibaki mezani.

Mimi nilizipenda kanuni hizi kuliko wenzangu wote. Ndimi niliyeleta mawe manne ya kuzuia karatasi zisipeperuke, ndimi niliyepanga namba za foleni, ndimi ninayetunza bahasha ya karatasi zilizojazwa. Nilijiona ndimi kanuni zenyewe, zimevaa kanga.

Nakiri hilo kwanza. Mengine yote yametoka hapo.

Mama nitakayemwita Bi Fatu alikuwa namba tisa. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnyamavu, anayekaa kitako kama anayepigwa picha. Ana nyumba ya vyumba vitano. Vitatu amewapangisha wapima ardhi, na kampuni yao imemwambia mwezi huu ndio wa mwisho ikiwa hana karatasi. Kodi ya vyumba vile ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu wake wawili. Hana shamba lingine.

Jina lake, alisema. Jina la mama yake, alisema. Vyumba vingapi, wapangaji wangapi, alisema vyote bila kusita. Nikafika kwenye mstari wa kumi na mbili: ameolewa au hajaolewa, na kama ameolewa au amefiwa, jina la mume.

Bi Fatu akatazama hina iliyofifia kwenye kucha zake. Kisha akageuza uso upande wa barabara.

Nikasema moyoni: ah, naam.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakumtaja babu kwa jina hata siku moja. Babu alikuwa akiitwa Juma, kwa hiyo bibi hata Ijumaa hakuitamka, alisema "siku ya sala." Akitaka kumwita, alikohoa. Akitaka kumsema, alisema "yule bwana." Mimi nimelelewa kwenye kikohozi hicho, najua mke wa heshima anavyonyamaza. Kumbana Bi Fatu amtaje mumewe mbele ya foleni nzima kungekuwa kumvua kanga barazani.

Na jina nilikuwa nalijua. Nani asiyelijua? Yule bwana aliondoka zamani kwenda ng'ambo ya Ruvuma kufanya biashara, kama waume wengi wa hapa, na mume wa hapa kutoonekana miaka mitatu si habari.

Kwa hiyo nikamtabasamia, kumwonyesha kwamba nimeelewa, nikalijaza jina la mume mwenyewe. Swali lililofuata liliuliza nyumba ni ya nani: ya anayejaza, au ya mume na mke. Hilo sikumuuliza hata kwa mdomo. Mtu ameolewa, nyumba ni ya wote wawili. Nikatia alama.

"Mwanaisha, harakisha basi!" Mama mmoja muuza mayai akanipigia kelele kutoka mwisho wa foleni. "Nimekuja na mayai, nitaondoka na vifaranga!"

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Na wakati wa kumsomea Bi Fatu ulipofika, nilisoma mstari wa kwanza hadi wa kumi na moja, nikaruka hadi wa kumi na nne. Sikusahau. Niliiruka mistari ile miwili kwa makusudi, ili jina la mumewe lisitoke kinywani mwangu mbele ya wanaume walioegemea nguzo.

Akaweka kidole. Akashukuru. Nikaandika kwenye daftari langu: "Namba 9, imekamilika."

Jana Jumatano jioni nilikuwa na mama uani, tunapeta mpunga mpya. Mama ana desturi ya kusema mambo makubwa akiwa ameinamia ungo, kama vile anauambia mpunga.

"Umesikia? Yule bwana wa Fatu amerudi."

Nikamwambia sijasikia, nikauliza kama amefikia kwake.

"Kwake wapi?" Mama akapuliza makapi. "Kafikia kwa dada yake. Fatu ameachwa, mwanangu, huu mwaka wa nne. Talaka ililetwa kwa barua, na mtu wa mashua."

"Mbona hakuna anayejua?"

"Mimi najua. Wanawake wanne tunajua. Tulimlia ndani, tukatoka tumekausha macho. Binti yake alikuwa anaozwa mwezi ule, Fatu hakutaka harusi ya mtoto iingiliwe na maneno. Na harusi ilipopita, akaona basi, amezoea." Akachukua konzi nyingine ya mpunga. "Sasa huyo bwana anapita kila baraza anasema ana nyumba hapa Palma, imejaa wapangaji wa gesi. Nyumba ya mama yake Fatu! Udongo wake tuliukanda sisi kwa miguu hii."

Mama akainua kichwa.

"Mbona umeacha kupeta?"

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kuweka ungo chini na kulia kama msichana wa miaka kumi: mama, nimefanya hivi na hivi. Lakini alichokisema Bi Fatu mezani kinabaki mezani, na alichokinyamazia nacho vilevile. Nikasema vumbi limeniingia jichoni.

Bahasha ilikuwa chumbani kwangu, ndani ya sanduku. Anselmo anaipeleka ofisi ya kodi kesho Ijumaa, baada ya sala. Nilifunga mlango, nikaitoa karatasi ya namba tisa. Jina la yule bwana lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu ninaousifia, herufi zimesimama wima kama wanafunzi. Na chini yake alama: nyumba ya mume na mke. Na chini kabisa, kidole cha Bi Fatu, kinakubali jambo ambalo hakusomewa.

Mtu akitaka nyumba ambayo si yake, nilikuwa nimemwandalia mkeka.

Hapa ndipo pabaya zaidi, nami nimeahidi kuandika yote. Nilikuwa na karatasi tupu. Ningeweza kunakili kila kitu upya, kuandika "ameachwa," kuandika "nyumba ni yake," na Bi Fatu asijue kamwe kwamba nilikosea. Kilichokosekana ni kidole tu. Wino ninao. Na vidole ninavyo kumi. Nani huko ofisini angepima kidole cha mama wa Palma?

Nilifungua kile kikopo cha wino. Nilikifungua kabisa.

Kilichonizuia si wema. Ni kwamba nilitaka kuandika neno "ameachwa" nikajiuliza: hili kanieleza nani? Mama. Akiuambia mpunga. Bi Fatu mwenyewe hajaniambia neno. Nilikuwa nataka kumsemea mara ya pili, ili nifute mara ya kwanza.

Nikafunga kikopo. Usingizi ulikuja kwa shida.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Viatu vizito vya wapangaji vimepangwa barazani, jozi sita, vina udongo mwekundu wa njia ya Pundanhar. Wenyewe walikuwa wanakunywa chai upande wa pili. Bi Fatu alikuwa ndani, anapiga pasi mashuka yao kwa pasi ya mkaa.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Mbona mapema? Mama mzima?"

"Mzima, anakusalimu." Nikamwamkia, nikakaa pale aliponionyesha. Nikasema, "Mama, Jumatatu sikukusomea karatasi yote. Nimekuja kukusomea."

"Pronto, haya, soma. Mimi nasikia huku napiga pasi."

Nikasoma. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine. Nikafika wa kumi na mbili, nikasoma kama ulivyo: ameolewa. Nikalitaja jina la yule bwana, jina lote, na la baba yake. Kisha wa kumi na tatu: nyumba ni ya mume na mke.

Pasi ilisimama pale ilipokuwa. Ni mimi niliyesikia harufu ya kuungua kwanza, nikainuka, naye akashtuka akainyanyua. Shuka lilikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili.

"Nani kakwambia uandike hilo?"

"Hakuna, mama. Niliandika mwenyewe."

"Nilikwambia nimeolewa?"

"Hapana. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza," akasema, "ukajaza."

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya bibi yangu na kikohozi chake, nikamwambia nilidhani ni heshima, na kwamba niliruka kuisoma ile mistari ili nisimtie aibu mbele za watu. Maneno yale usiku yalikuwa yanafanana na samahani. Asubuhi, mbele ya shuka lililoungua, yalikuwa membamba sana.

"Ulinionea haya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya zangu au zako?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Akakaa kwenye mkeka, karibu nami, lakini hakunitazama. Alinitaka nisome tena. Nikasoma tena. Akasema, "Soma tena," nikasoma mara ya tatu, na jina lile lilikuwa linazidi kuwa zito kila nikilitaja. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi, mwenye kupanga namba za foleni, sikuwa nimeliona.

"Unajua nani alikuwa nyuma yangu Jumatatu? Namba kumi?"

Nilijua namba. Sikujua maana yake.

"Wifi yangu. Dada yake yule bwana. Alikuwa ananipumulia shingoni. Nikitamka pale kwamba nimeachwa, jioni ingekuwa Palma nzima, na angeieneza kama anavyotaka yeye. Nikitamka kwamba nimeolewa, nimesema uongo. Nikasema ninyamaze, huyu mtoto amesoma, ataacha patupu."

Ataacha patupu.

Alinidhania hivyo kwa sababu nimesoma.

Nikalia, shajara. Sikupanga kulia. Bi Fatu hakunibembeleza, wala hakunikataza. Alikunja lile shuka, alama imeingia ndani, akaliweka chini ya mengine. Kisha akaniambia nijipanguse uso, maana machozi yataharibu karatasi mpya.

"Umekuja nayo?"

Nilikuja nayo.

Tukaanza upya. Safari hii nilimuuliza kila swali, hata yale niliyojua majibu, hata jina lake. Mstari wa kumi na mbili nikausoma wote: umeolewa, hujaolewa, mjane, au umeachwa?

"Nimeachwa." Alilisema kama mtu anayetua ndoo kichwani, polepole, lisimwagike. Akangoja aone nimeliandika. "Endelea."

"Nyumba ni ya nani?"

"Yangu. Mama yangu aliniachia. Andika hivyo hivyo."

Nikaandika. Nikasoma yote, kuanzia juu hadi chini, bila kuruka hata nukta. Akanawa kidole, akakikausha kwenye kanga, akakiweka.

Ikabaki ile ya zamani. Alitaka kuitia kwenye mkaa wa pasi. Nikamwambia karatasi zetu zina namba na lazima nirudishe iliyoharibika, imepigwa mstari, asije mtu akaitumia. Nilidhani atakasirika. Akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu, nitaupiga mimi."

Akaishika kalamu kama kisu cha kupasulia samaki, akaikokota kutoka pembe hadi pembe, juu ya jina, juu ya alama yangu, juu ya kidole chake mwenyewe. Karatasi ilichanika kidogo katikati.

Kisha akalitaja lile jina. Alilitaja kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja mchuzi kuona kama chumvi imekolea. Miaka ishirini na sita hakulitamka akiwa mkewe, na minne hakulitamka akiwa si mkewe. Nilikuwa peke yangu wa kulisikia, na siliandiki hapa.

"Kumbe ni jina tu," akasema.

Nilipoinuka aliniletea mayai sita yamefungwa kwenye kitambaa. Nikakataa, akasema hayo si malipo, mlangoni kwake mtu hatoki mikono mitupu. Nikamwambia kanuni. Akasema kanuni ya nani isiyojua mgeni? Mwisho tulipatana: nilikaa tena, nikanywa maji, nikala yai moja la kuchemsha pale pale mkekani, akinitazama hadi nimemaliza. Matano yakabaki. Sijui kama Anselmo angelipitisha lile moja. Nililila hata hivyo, kwa sababu lilikuwa la kwanza alilonipa tangu nimkosee, na kulikataa kungekuwa kukosea tena.

Najua karatasi ya kodi si hati ya nyumba. Yule bwana akitaka kugombana, atagombana, na wazee wa msikitini watakaa, na barua ya talaka itatolewa ilikofichwa. Bi Fatu amesema yuko tayari, amechoka kuitunza. Lakini huyo bwana hatakuwa na mwandiko wangu mkononi. Na mwezi ujao vyumba vitatu vitakuwa na karatasi, na wajukuu watakula.

Kabla ya kufungua meza nilimwita Anselmo kando. Nilimwambia nimeharibu karatasi moja kwa kuandika ambacho mtu hakukisema, na kwamba niliruka mistari miwili wakati wa kusoma. Nikamkabidhi ile iliyopigwa mstari, imekunjwa. Hakuifunua. Aliandika namba yake tu.

"Uliandika nini?"

"Siwezi kusema. Niliandika kwa adabu."

Anselmo akacheka hadi watu wa foleni wakageuka. "Ninyi watu wa pwani adabu itawaua! Dada, kwetu Mueda mwanamke humtaja mumewe kwa jina, la baba yake na la babu yake, hasa akiwa anamtukana."

"Ndiyo maana mko bara," nikamwambia, "hakuna anayewataka karibu na maji."

Alicheka tena. Halafu akageuza kalamu vidoleni.

"Mimi nimewaandika watu wa kwetu wote wakulima," akasema. "Wote. Mmakonde akikaa mbele yangu, naandika mkulima, namwekesha kidole. Juzi mmoja akaniambia yeye ni fundi redio tangu vita vilipokwisha. Nikamwambia, si una shamba? Akasema analo. Nikamwambia basi." Akaikagua ile karatasi iliyokunjwa. "Nitamtafuta."

Tukahamisha meza. Mwenye duka ametufungulia ndani, kwenye chumba kilichokuwa cha magunia. Kinanuka chumvi na mende, lakini kina mlango. Anaingia mtu mmoja mmoja. Wa pili anangoja nje, mbali kiasi cha kutosikia. Niliandika neno jipya kwenye jalada la daftari langu, chini ya mafundisho ya Anselmo: mtu akinyamaza, uliza tena mkiwa wawili, na akinyamaza tena, acha patupu.

Watu wamelalamika. Muuza mayai amesema humo ndani tunawafunda wari. Lakini nimeona jambo: leo kila mtu amekaa muda mrefu kuliko Jumatatu, na wawili wamerudi kuomba tuwasomee za wiki iliyopita.

Mchana nilipita tena kwa Bi Fatu, kumwomba ruhusa ya haya. Nilimwambia ninaandika shajara inayosomwa na watu nisiowajua. Akafikiri.

"Jina langu hutaandika."

"Sitaandika."

"Wala upande wa mji."

"Wala upande wa mji."

"Andika basi. Wanawake wengine wananyamaza kama mimi, na watoto wengine wamesoma kama wewe." Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita. "Mwanaisha! Waandikie nilikuwa mzuri."

Ni mzuri. Nami nimeandika ambacho mtu amekisema, na nimekiona kwa macho yangu.

Sasa alasiri inaelekea mwisho. Mama yuko uani, bado na mpunga. Kesho asubuhi, kabla ya sala, ni zamu yake: anataka nuiti auze mchele kambini. Ana namba tatu kwenye foleni. Kwa kuwa ni mama yangu, simjazii mimi. Atamjazia Anselmo, ndani, mlango umefungwa. Atafika mstari wa kumi na mbili amuulize kuhusu mumewe.

Baba amekufa huu mwaka wa sita. Mimi nina miaka ishirini na tisa, na jina la baba sijawahi kulisikia kinywani mwa mama. Alikuwa "baba Mwanaisha" akiwa hai. Sasa ni "marehemu." Najiuliza atafanyaje kesho. Atakohoa? Atageuza uso? Au humo ndani, mbele ya Mmakonde asiye na haya, atalitaja, na litakuwa laini mdomoni mwake kana kwamba siku zote lilikuwa likingoja?

Ningependa sana kulisikia.

Nitakuwa nje barazani, mbali kiasi cha kutosikia, na mawe yangu manne.